Ini la Sungura

Hapo mwanzo hapakuwa na sungura. Palikuwa na kima, na mto, na mamba aliyeoa mke mwenye uchu.

Mke alitaka kula moyo wa kima. Mamba akamwendea kima aliyekaa mtini ukingoni mwa Ganges, akamwambia ng'ambo kuna matunda matamu kuliko haya, panda mgongoni nikuvushe. Walipofika katikati ya mto akaanza kuzama naye. Kima akauliza kulikoni, akaambiwa ukweli. Akacheka. Sisi turukao matawini, akasema, tungetembea na mioyo vifuani si ingekwisha kupasuka zamani? Mioyo yetu tunaitundika mtini. Ule pale, hebu tazama. Mamba akatazama, akaona matunda yamening'inia kwenye mkuyu, akageuka kurudi. Kima akaruka nchi kavu.

Kisa hiki kimo katika Jataka, mkusanyiko wa hadithi za maisha ya Buddha kabla hajazaliwa kuwa Buddha. Kima yule ni Buddha mwenyewe. Katika Panchatantra, kitabu cha kuwafunza wana wa mfalme mambo ya utawala, hadithi hiyohiyo imo, lakini utakatifu umeondolewa na funzo ni la siasa.

Msomaji aliyelelewa pwani ya Afrika Mashariki ameshaanza kutabasamu. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, alichapisha huko London mwaka 1870 hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Ndani yake mna "Kisa cha Punda wa Dobi". Kima anamtupia papa makuyu, wanakuwa marafiki, papa anambeba kwenda kwao, na njiani anamfichulia kwamba sultani wao hawezi na dawa yake ni moyo wa kima. Kima naye anadai kwamba moyo ameuacha mtini. Mkondo wa hadithi uliokuja magharibi unajulikana vituo vyake: tabibu Burzoe aliigeuza Panchatantra kuwa Kiajemi cha Kati katika karne ya 6, zama za mfalme Khosrow Anushirvan, Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu katika karne ya 8, kikawa kitabu cha Kalila na Dimna, na majahazi ya kaskazi hayakubeba tende na mazulia peke yake.

Mkondo wa pili ulikwenda mashariki, kwa miguu ya watawa. Huo ndio tutakaoufuata hadi Korea. Huko hadithi hii haikuanza maisha ya maandishi kama burudani ya watoto. Ilianza kama ufunguo wa gereza.

Karne ya 3 hadi 527: kima anageuka sungura

Mwaka 247 aliingia Jianye, mji unaoitwa leo Nanjing, mtawa mmoja aitwaye Kang Senghui. Asili ya wazee wake ilikuwa Sogdiana, Asia ya Kati. Yeye alizaliwa Jiaozhi, kaskazini mwa Vietnam ya leo, katika familia ya wafanyabiashara. Kabla ya kufa mwaka 280 alikuwa ameacha kwa Kichina mkusanyiko wa hadithi za Kibuddha, na kima wa Ganges yumo. Lakini amebadilishiwa jirani. Mamba hayupo, mahali pake pameshikwa na kasa. Wala mke wa kasa hataki moyo, anataka ini.

Mabadiliko hayo mawili yaonekana madogo, ila ndiyo yaliyodumu. Sisi tukiumizwa sana husema tumekatwa maini, kwa hiyo haitupi shida kuelewa kwa nini ini laweza kubebeshwa uhai wa mtu.

Dini ya Buddha iliingia katika rasi ya Korea kwa awamu. Rasi ilikuwa na falme tatu: Goguryeo kaskazini, iliyoipokea mwaka 372, Baekje kusini-magharibi, mwaka 384, na Silla kusini-mashariki, iliyojivuta hadi mwaka 527. Pamoja na dini zilikuja hadithi zake. Tatizo moja likajitokeza: Korea haina kima wa porini. Msimulizi wa Silla angemtaja mnyama ambaye bibi yake hajamwona, wala babu yake. Sungura, kinyume chake, alikuwa kila kilima, na usiku Wakorea humwona hata mwezini, akitwanga kinuni. Japani, ambako kima wapo milimani hadi leo, hadithi hiyohiyo imebaki na kima wake, na ini lake linatafutwa kwa ajili ya jumba la joka baharini. Kwa hiyo sitafuti falsafa ya kina hapa. Sungura alipata kazi kwa sababu kima, mwenye kazi, hakuwepo.

Kilichopotea safarini ni Buddha. Hadithi ilipotokea tena katika kumbukumbu za Korea, hakuna mnyama hata mmoja aliyekuwa mtakatifu. Palikuwa na mjanja mmoja na mjanja mwenziwe, basi.

642: mfungwa na mgeni wake

Mwaka huo Silla ilipigwa vibaya. Mfalme Uija wa Baekje alituma jeshi likaiteka ngome ya Daeya, katika eneo la Hapcheon la leo. Mkuu wa ngome na mkewe waliuawa. Mke huyo alikuwa binti wa Kim Chunchu, mwana wa ukoo wa kifalme wa Silla. Kumbukumbu zinasema baba alipopata habari aliegemea nguzo akasimama kutwa nzima bila kupepesa jicho, na watu walipopita mbele yake hakuwatambua. Alipozinduka, neno lake lilikuwa moja: Baekje lazima imezwe.

Silla peke yake haikuwa na koo la kumeza. Kim Chunchu akaomba ruhusa ya kwenda Goguryeo kuomba askari. Kwenda Goguryeo ilikuwa kwenda kwa adui mwingine, tena katika mwaka mbaya. Jemadari Yeon Gaesomun alikuwa amemuua mfalme wake pamoja na wakuu zaidi ya 100, akamkalisha kitini mfalme mpya, Bojang, na kushika mamlaka yote mkononi mwake. Kabla ya kuondoka, Chunchu alikula kiapo na shemeji yake, jemadari Kim Yusin. Waliuma vidole wakanywa damu. Chunchu alisema atarudi baada ya siku 60. Yusin akajibu kwamba asiporudi, kwato za farasi wake zitakanyaga nyua za wafalme wote wawili, wa Goguryeo na wa Baekje.

Njiani, katika wilaya moja, mwenyeji alimpa zawadi ya kitambaa cha buluu, urefu wa hatua 300. Kitambaa kile kitakuja kufanya kazi kubwa kuliko kiapo.

Goguryeo walimpokea vizuri mwanzoni. Kisha mfalme akaja na sharti: njia za milimani za Mamok na Jungnyeong, ambazo Silla ilikuwa inazishika, asili yake ni mali ya Goguryeo, zirudishwe, la sivyo mjumbe harudi kwao. Chunchu alijibu kwamba ardhi ya dola si ya mtumishi kuigawa. Jibu lilikuwa la heshima na la kweli, na lilimtia ndani. Ikawa anangoja kuuawa.

Ndipo akakumbuka kitambaa. Kwa siri akampelekea Seon Dohae, mtumishi aliyependwa na mfalme. Seon Dohae akaja gerezani na chakula na kinywaji, wakala, wakanywa. Pombe ilipokolea, mgeni akamuuliza mfungwa kwa mzaha kama amewahi kusikia habari za kasa na sungura.

Binti wa Mfalme Joka wa Bahari ya Mashariki, akasimulia, aliugua moyo. Tabibu akasema atapona akipata ini la sungura. Baharini hakuna sungura. Kasa mmoja akajitolea, akapanda nchi kavu, akamkuta sungura na kumpamba kwa maneno: kuna kisiwa baharini, chemchemi zake safi, mawe yake meupe, misitu minene, matunda tele, baridi haifiki wala joto, na mwewe hawezi kukigusa, ukienda huko utakaa raha mustarehe. Sungura akapanda mgongoni. Walipokwisha kuiacha pwani nyuma kidogo, kasa akageuza shingo na kumweleza shida yenyewe.

Sungura hakupiga kelele. Alisema yeye ni wa kizazi cha miungu, anaweza kutoa viungo vya ndani, akaviosha, akavirudisha. Siku hizi alihisi kifua kizito, akatoa moyo na ini akavisuuza, akaviweka chini ya jiwe. Maneno yako matamu yamenifanya nije mbio bila kuvichukua. Mimi hata bila ini naishi. Turudi nikalichukue, wewe upate unachotaka na mimi nibaki hai, si sote tutafaidika? Kasa akageuka. Kufika tu pwani, sungura akarukia majanini, akamwita mpumbavu: nani aliyewahi kuishi bila ini? Kasa hakusema kitu. Akaondoka.

Seon Dohae naye hakusema zaidi. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na hapa ndipo ufundi ulipo. Hakuna askari wa zamu ambaye angeweza kumshitaki kwa kusimulia habari za wanyama. Rushwa ilikuwa imelipwa, ushauri ukatolewa, na hakuna neno moja la uhaini lililotamkwa. Mimi huona kwamba katika kisa kizima cha 642 mtu mjanja kuliko wote ni huyu, ambaye historia imemtupa pembeni.

Chunchu alielewa. Akamwandikia mfalme barua: njia zile mbili kweli ni za Goguryeo tangu asili, nikirudi nitamwomba mtawala wetu azirudishe, jua lile liwe shahidi wangu. Wakati huohuo jasusi aliyekuwa Silla alileta habari kwamba Kim Yusin amekusanya mashujaa 3,000 na anakuja. Mfalme akampa Chunchu heshima zote na kumwachia. Alipokwisha kuvuka mpaka, Chunchu aliwageukia waliomsindikiza, akawaambia kwamba alikuja kuomba askari, wao wakataka ardhi ambayo yeye hana mamlaka nayo. Na barua ile aliiandika ili asife.

Ini lilikuwa ndani ya tumbo lake muda wote.

648 hadi 676: mjanja anajenga dola

Baada ya kukosa msaada kaskazini, Kim Chunchu alivuka bahari mwaka 648 kwenda kwa Tang, dola kubwa ya China, akapata ahadi ya muungano. Mwaka 654 akawa mfalme wa Silla. Historia inamwita Muyeol. Mwaka 660 majeshi ya Silla na Tang yaliiangusha Baekje, na mfalme Uija akapelekwa China mateka. Muyeol alifariki mwaka 661. Mwanawe Munmu akaimaliza kazi: Goguryeo ilianguka mwaka 668. Kisha Tang walipotaka kujibakizia rasi yote, Silla ikawageukia nao, na kufikia mwaka 676 walikuwa wametolewa.

Sisemi kwamba hadithi ya sungura iliunganisha Korea. Lakini kama Chunchu angekufa gerezani mwaka 642, muungano na Tang usingekuwa na mtu wa kuusuka, na ramani ya Asia ya mashariki ingechorwa na mkono mwingine.

1145: Kim Busik anaiweka kitabuni

Haya yote tunayajua kwa sababu ya mzee mmoja wa Goryeo, dola iliyoirithi Silla. Kim Busik, mwanazuoni wa mafundisho ya Confucius na mwanasiasa mgumu, aliagizwa na mfalme Injong aandike historia ya falme tatu. Mwaka 1145 alikabidhi Samguk Sagi, vitabu 50, ndiyo historia kongwe ya Korea iliyosalia hadi leo.

Kim Busik hakuwa mtu wa masimulizi ya moto jioni. Alipima kila tendo kwa mizani ya wajibu na utii. Hata hivyo aliacha wanyama waseme katika kitabu cha dola. Aliwaweka ndani ya wasifu wa Kim Yusin, ambao peke yake umechukua vitabu vitatu kati ya kumi vilivyotengewa wasifu wa watu. Nadhani hakuwa na njia ya kuwakwepa: bila hadithi, barua ya Chunchu inabaki kuwa uongo mtupu wa mtu aliyeogopa kufa. Pamoja na hadithi, inakuwa werevu. Mwanahistoria aliyependa ukweli alihitaji sungura ili kumsitiri shujaa wake.

Karne moja baadaye Wamongoli waliivamia Goryeo. Kati ya 1236 na 1251 serikali iliyokimbilia kisiwani iliagiza maandiko yote ya Kibuddha yachongwe upya kwenye mbao, kuomba nusura ya mbinguni. Mbao hizo, zaidi ya 81,000, zinahifadhiwa leo katika hekalu la Haeinsa, na katika maandishi yake mnasomeka kima na kasa wa Kang Senghui. Haeinsa iko Hapcheon, palepale ilipoanguka ngome ya Daeya na kuuawa binti wa Chunchu. Babu wa hadithi na jeraha lililoileta kwenye historia vinalala katika wilaya moja. Hakuna aliyepanga hivyo.

1392 hadi 1800 na zaidi: sungura anapelekwa sokoni

Dola ya Joseon, iliyosimama mwaka 1392, iliisukuma dini ya Buddha pembeni. Watawa wakazuiwa kuingia mji mkuu. Mahekalu yakabaki milimani. Sungura akabaki nao ukutani: katika hekalu la Tongdosa, karibu na Busan, yumo kwenye mchoro, amepanda mgongo wa kasa na mawimbi chini yao. Lakini maisha yake mapya yalikuwa kwingine, kwenye viwanja vya masoko na nyua za matajiri katika mkoa wa Jeolla, kusini-magharibi.

Huko, kati ya karne ya 17 na ya 18, ilikomaa sanaa iitwayo pansori. Mwimbaji husimama juu ya mkeka akiwa na upepeo mkononi. Mpiga ngoma huketi kando. Basi, hakuna kingine. Mwimbaji husimulia, huimba, huigiza watu wote na wanyama wote, kwa saa kadhaa mfululizo, na sauti iliyokwaruzwa kwa mazoezi hadi iwe na kutu. Hadhira haikai kimya. Hupenyeza vilio vya kumtia moyo, naye mpiga ngoma huongoza. Wenye kuzoea ngano za usiku, pale wasikilizaji wanapoitikia, hawatauona ugeni.

Mwaka 1843 mwanazuoni Song Manjae aliandika shairi linalotaja visa kumi na viwili vya pansori, na kisa cha sungura kimo. Kati ya kumi na viwili, vinaimbwa hadi leo vitano tu. Cha sungura ni kimojawapo, chaitwa Sugungga, Wimbo wa Jumba la Majini.

Katika Sugungga mgonjwa si binti tena. Ni Mfalme Joka mwenyewe, na ugonjwa wake si wa kuhurumiwa: amejenga jumba jipya, amefanya karamu siku nyingi, amekunywa mpaka mwili umemgomea. Anaitisha baraza. Samaki wanaingia mmoja mmoja kwa vyeo vyao, na mfalme, akihisi harufu, anajiona kama muuza samaki badala ya mtawala. Nani ataenda nchi kavu? Kila waziri ana udhuru. Anayejitokeza ni wa mwisho kabisa kwenye mstari, Byeoljubu, kasa wa gamba laini mwenye cheo cha karani mdogo. Kwa kuwa hajawahi kumwona sungura, wanamwita mchoraji, na kasa anaihifadhi picha ndani ya mikunjo ya shingo yake.

Wapenzi wa pansori huisubiri sana sehemu inayofuata. Kasa ameivuka bahari kwa kusukuma maji na kidevu, taya imekufa ganzi. Anamwona sungura mbali, anataka kumwita kwa heshima, "To saengwon", Bwana Sungura. Taya haifungi, inatoka "Ho saengwon", Bwana Simbamarara. Na simbamarara, ambaye hakuna kiumbe aliyewahi kumwita bwana, anashuka mlimani kwa furaha. Kasa anaokoka kwa kumng'ata mahali ambapo adabu inanizuia kupataja.

Sungura anaponaswa kwa ahadi ya cheo cha ujemadari na kufikishwa chini ya bahari, uongo wake nao umenenepa. Mwaka 642 alisema tu kwamba ini ameliosha. Sasa anamwambia mfalme kwamba ana matundu matatu nyuma: moja la haja ndogo, moja la haja kubwa, na la tatu la kutolea na kurudishia ini. Mfalme anaamuru akaguliwe. Wanahesabu. Wanaona kweli yako matatu. Anaandaliwa karamu, analewa, anacheza, kisha anarudishwa nchi kavu na karani yuleyule.

Wala haishii hapo. Kwa furaha ya kuokoka, sungura anaingia mtegoni mwa binadamu. Anawaomba nzi wamtagie mayai mwili mzima, mwenye mtego anadhani ameoza. Halafu anachukuliwa na tai, na analazimika kubuni tena. Ni kama waimbaji waliiambia hadhira: umeshinda ikulu, hongera, kesho kuna mwingine.

Sasa mjanja ni nani? Hapo ndipo karne ya 19 ilipogawanyika. Pansori iliimbwa mbele ya wakulima na mbele ya mabwana, mara nyingine katika uwanja mmoja. Mkulima aliyekamuliwa kodi alimwona mfalme mlevi anayetaka maini ya watu. Bwana aliyesoma vitabu vya Confucius alimwona mtumishi mwaminifu anayedanganya kwa ajili ya mfalme wake, kisha anadanganywa. Ndiyo maana mwisho wa hadithi haukutulia. Katika masimulizi mengine kasa anajipigiza kichwa mwambani kwa aibu. Katika mengine mungu anamhurumia na kumpa dawa. Na yapo ambayo sungura anamtupia mavi yake akayapeleke, na mfalme anayanywa na kupona. Kila hadhira iliondoka na ini lake.

Aliyejaribu kuyapanga haya alikuwa Shin Jaehyo (1812–1884) wa Gochang. Alikuwa na mali, akawalisha na kuwafunza waimbaji nyumbani kwake, akiwemo Jin Chaeseon, mwanamke wa kwanza kupata jina katika pansori. Alihariri maneno ya visa sita, cha sungura kikiwemo, akiyasafisha na kuyatia nidhamu. Shin Jaehyo alitoka katika tabaka la makarani wa wilaya: watu waliobeba kazi ya serikali mgongoni na kudharauliwa na mabwana waliowatumikia. Najiuliza alikuwa na uso gani alipofika kwenye mistari ya Byeoljubu.

1912 hadi leo

Japani iliitwaa Korea mwaka 1910. Miaka miwili baadaye mwandishi Yi Haejo aliichapisha hadithi kwa mfululizo katika gazeti la Maeil Sinbo, gazeti lililokuwa mkononi mwa serikali ya kikoloni, kwa jina la Ini la Sungura. Kutoka hapo ikaingia katika vitabu vya bei nafuu, kisha vya watoto, na ukali wake ukapunguzwa: mfalme akaacha kunuka pombe, matundu matatu yakafutwa. Watoto wengi wa Korea wameijua hivyo, kama ngano fupi ya mnyama mwerevu na mnyama mzito.

Pansori yenyewe ilikaribia kufa. Filamu, redio, vita vya 1950 hadi 1953 na haraka ya kujenga viwanda viliwamaliza wasikilizaji wa saa nne. Mwaka 1964 serikali ya Korea Kusini iliitangaza kuwa urithi wa taifa, ikawalipa magwiji wachache wafundishe wanafunzi. Mwaka 2003 UNESCO nayo ikaitambua. Utambuzi wa aina hiyo huokoa na hukausha kwa wakati mmoja. Kitu kikiwekwa kwenye kabati la kioo, watu hukipita kwa heshima.

Kabati lilivunjwa mwaka 2020. Bendi ya Leenalchi, iliyochukua jina la mwimbaji maarufu wa karne ya 19, ilitoa albamu nzima iitwayo Sugungga: waimbaji waliofunzwa pansori, gitaa mbili za besi na ngoma. Wimbo uliovuma ulikuwa ule wa taya iliyokufa ganzi, simbamarara anashuka mlimani. Shirika la Utalii la Korea likauweka kwenye video za kuitangaza nchi, wachezaji wa Ambiguous Dance Company wakacheza barabarani na mbele ya majumba ya kale wakiwa na miwani ya jua na kofia za ajabu, na mamilioni ya watu waliutazama ulimwenguni bila kujua kwamba wanatazama kosa la matamshi la kasa mchovu.

Pwani mbili za Korea Kusini leo zinagombea kuwa ndipo sungura alipopandia mgongo wa kasa. Taean, magharibi, ina kijiji kilichopewa jina la Byeoljubu na mwamba wa kasa ufukweni. Sacheon, kusini, ina kisiwa cha Bito, maana yake sungura arukaye, na visiwa vidogo vimekizunguka. Wenyeji wa Bito wana mwisho wao, ambao haumo katika Samguk Sagi wala kwa Shin Jaehyo. Sungura, wanasema, alikuwa amekwisha kumdanganya kasa na nchi kavu inaonekana. Usiku ulikuwa wa mbalamwezi. Akaona kivuli cha kisiwa juu ya maji, akadhani ndiyo ardhi, akaruka mapema. Kasa, kwa hofu ya mfalme, hakurudi nyumbani. Wote wawili ni visiwa sasa, na vinaonekana kutoka ufukweni.